Nilivyotafsiri picha ya vita vya mahandaki, nikabaki na filimbi ya shemeji

Wakuu heshima zenu, na wakubwa shikamooni.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Chumvi nimetia ile ya mboga tu.

Naishi Kilosa, Mabwerebwere. Form four nilimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu na watoto wawili, kwa hiyo mtaani wanaamini Kiingereza cha wilaya nzima kiko kichwani kwangu.

Siku ya gulio, mchana, mwenye banda la video akanijia mbio. Kaletewa flashi kutoka Mikumi: picha ya zamani ya vita, black and white, askari wamejichimbia kwenye mahandaki. Haina sauti ya DJ wa kutafsiri. Akanipa maiki.

"Mwalimu, tafsiri."

Watu walijaa kama elfu kumi. Haya, sabini.

Benchi la mbele alikaa Musa, mdogo wake wife. Shingoni filimbi. Wiki ile ng'ombe wa wafugaji walimaliza mahindi ya shamba lake la Mvumi, na vijana wa wakulima walishapanga: saa kumi jioni hiyo Musa apulize, waende na mapanga kwenye boma la wafugaji. Wife alikuwa hajala tangu jana yake. Alinituma nimzuie mdogo wake. Mimi nikashika maiki!

Nyuma walisimama vijana watatu wa kifugaji, wametoka kuuza mbuzi.

Picha ikaanza. Nikachangamsha banda: "Wa kushoto ndio wetu, steringi yumo!"

Kwenye picha ofisa akapuliza filimbi, askari wakatoka handakini, wakafyekwa na risasi kama nyasi. Nikatangaza adui kaisha. Banda likalipuka. Musa akapanda juu ya benchi.

Kumbe waliokufa ndio wetu.

Wakuu, tope liliwapaka wote, ningewajuaje? Nilishtuka steringi alipomgeuza maiti mmoja na kuanza kumlilia.

"Shemeji, huyo si adui?" Musa akauliza.

"Samahani jamani. Tumeshangilia wetu."

Kijana mmoja wa kifugaji kule nyuma akauliza taratibu, "Sasa adui ni nani, mwalimu?"

Kwenye picha ofisa akapuliza tena, askari wakapanda tena, wakafa tena. Mpulizaji mwenyewe kabaki handakini. Nikaacha kutafsiri. Musa akashuka kwenye benchi, akakaa.

Mwishoni steringi akafa.

"Steringi hafi bwana!" mtu akafoka.

"Nani kashinda?" Musa akaniuliza.

"Hawajasema."

Nje bodaboda za vijana wa wakulima zinanguruma. "Musa, puliza! Muda!"

Akatoka, nami nyuma yake. Akaivua filimbi, akaitia mfukoni mwangu.

"Nishikie, shemeji. Nikibaki nayo nitapuliza."

Akawageukia wale vijana watatu wa kifugaji, nao wameshatoka nje. "Twendeni kwa mwenyekiti wa kijiji. Halafu mkalione shamba langu kwa macho yenu."

Wakaenda. Waliokuwa kwenye bodaboda walimtukana matusi ya kujaza daftari kubwa, kisha wakatawanyika.

Msidhani yameisha. Kwa mwenyekiti wamekaa vikao vitatu, hawajaelewana. Musa ameshaidai filimbi mara mbili. Ya kwanza nilimwambia panya kabeba. Wife kila jioni ananipapasa mfuko kabla hajapakua chakula.

Nilichojifunza: ukipewa maiki na hujui, sema hujui. Mimi nilitaka kuchekesha tu, nikawapa watu maadui.

Jana Musa kaja tena. Safari hii hakudai, alikaa tu mlangoni akiangalia mfuko wangu.

Wakuu, nyie mngempa?