Jumapili za Kumtembeza Baba Bwawani

Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Mtoto aliyejua kukimbia angeimaliza bila kuomba kubebwa, na mwenye mimba angeimaliza bila kukaa chini. Ulitoka kwenye nyumba zetu za nyasi, ukateremka penye mikaratusi, ukashika ukingo wa maji mpaka kwenye matete, ukapita juu ya tuta, ukapanda kidogo, ukafika zizini kwa ng'ombe wa mzungu. Asubuhi ikiwa haina mawingu, Mlima Elgon wote ulionekana ndani ya maji. Sisi tuliliita bwawa, kwa sababu wanaume wetu ndio waliolichimba. Mzungu aliliita ziwa.

Watu wa leo wakipelekwa kando ya maji hufurahi, hubeba na chakula. Mimi nilipelekwa kila Jumapili na sikufurahi hata mara moja.

Shamba lilikuwa ng'ambo ya Kitale, ukielekea mahali paitwapo Kwanza, na ilikuwa miaka ile vijana walipokuwa wakirudi kutoka Bama, kwenye vita vya pili vya wazungu. Baba alichunga ng'ombe wa maziwa. Tulikuwa maskwota, na mkataba wa skwota haukuwa na maneno mengi: mwanaume amfanyie mzungu kazi, ndipo mkewe apewe mahali pa kulima na watoto wapate pa kulala. Mwanaume akishindwa, wote wanaondoka. Mahindi yakiwa bado shambani, yanabaki.

Na baba alikuwa anapofuka.

Mama aligundua siku aliyomtengea uji. Baba alinyoosha mkono akashika hewa, akashika hewa tena, kisha akajifanya anafukuza nzi.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga, Baba Watoto."

Baba akaupapasa uji mpaka akaushika. "Mwangaza naona," akasema. "Watu nawaona kama moshi. Asubuhi ng'ombe wananipeleka, wanajua njia. Jioni ndiyo shida. Wakisikia ndama wanakimbia, wananiacha nyuma peke yangu."

"Nyapara anajua?"

"Angejua, ungekuwa unapika hapa?"

Mama alifunika chungu. Alikuwa mtu wa kufikiri huku mikono inafanya kazi, na mpaka vyombo vilipoisha kuoshwa alikuwa ameamua. Macho yakikataa, miguu itafundishwa. Siku za kazi nyapara alikuwa kila mahali, kwa hivyo masomo yangekuwa Jumapili baada ya sala, tukijifanya tunatembea tu.

Lakini kwetu Wabukusu nani alikuwa anatembea tu? Mwanaume alitangulia na fimbo yake, mke akafuata na mzigo, watoto nyuma. Kutembea bega kwa bega, mume ameshikwa mkono na mkewe mchana kweupe, hilo halikuwa jambo la watu wenye akili. Jumapili ya kwanza wanawake waliokuwa wanafua wakaacha nguo zielee.

"Heee! Mwoneni bibi harusi!"

"Dada, ulimtilia nini kwenye mboga? Tugawie na sisi, wetu hata hawatuangalii!"

"Nilimtilia chumvi," mama akajibu. "Jaribuni."

Wanaume walikuwa wabaya zaidi. Mmoja, rafiki ya baba kabisa, alimwambia, "Sasa imebaki kofia ya kizungu, bana. Nunua kofia, tukuite bwana mkubwa." Baba akacheka pamoja nao. Nyumbani hakula. Kwa mwanaume kama yeye, kusemwa ati amelishwa dawa na mkewe kulimuuma kuliko yale macho.

Kazi yangu ilikuwa kusema. Nilimshika mkono wa kushoto, mama akakaa upande wa maji, nami nikawa natangaza kama mtoto mwenye mdomo mrefu: "Baba, mkaratusi ulioanguka." Anaugusa kwa mguu, anauvuka. "Baba, jiwe la kufulia." "Baba, matete." "Baba, sasa tuta." Tukifika zizini tunageuka, tunarudi, na safari hiyo mimi nanyamaza, anataja yeye. Akikosea, mama hakumkemea wala hakumpoza. Alisema, "Tena."

Kiangazi chote tulifanya hivyo, na kweli miguu ikajifunza. Jioni ng'ombe walipomkimbia, alikuja nyuma yao taratibu, fimbo begani, mtu asingejua. Nyapara alimwita mvivu kwa kuchelewa, na sisi tukashukuru, kwa sababu mvivu hufokewa tu, hafukuzwi.

Kilichotumaliza hakikuwa nyapara. Ilikuwa ni kupendwa.

Memsabu, mke wa mzungu, alituona kutoka kwenye baraza yake. Jumapili moja akateremka na mwavuli, akatusimamisha penye matete. "Mzuri sana!" akasema. "Baba, mama, toto, yote pamoja. Kama sisi!" Akanipa peremende. Baba aliinamisha kichwa kule sauti ilikotoka, na memsabu akaona ni adabu.

Tangu siku hiyo akaanza kuipenda njia yetu. Alitaka wageni wake kutoka mjini nao watembee pale na watoto wao. Wiki iliyofuata ng'ombe walihamishiwa malisho ya juu, na mama alikuwa kwenye palizi upande wa pili wa shamba, kwa hivyo hatukupita bwawani hata siku moja. Wanaume waliopewa kazi ya kuitengeneza njia waliondoa mkaratusi ulioanguka, wakakata matete, wakaihamisha njia kutoka ukingoni, wakaipindisha kupitia kwenye bustani mpya ya maua na kuipanga mawe yaliyopakwa chokaa. Mama alisikia habari hizo Jumamosi jioni. Alisema tutaanza upya, kesho, mapema kabla ya watu.

Kesho yake, kabla hatujatoka, mpishi alikuja kutuita. Memsabu ana wageni, anataka familia ile itembee nao.

Tulisimama juu kule penye mikaratusi, wazungu wanawake kwa wanaume, na msichana mdogo wa kizungu mwenye kofia. Mama alikuwa amemshika baba mkono kama kawaida. Memsabu akampa mama kikapu cha chai, kizito, cha kubeba kwa mikono miwili. Mimi nikapewa mkono wa yule msichana.

"Na baba mbele," memsabu akasema.

Mama akasema, "Memsabu, mimi nitembee na yeye."

"Hapana, hapana. Wewe na kikapu. Baba mbele, onyesha sisi njia."

Baba akaenda. Alitembea vizuri, mgongo wima, akiamini miguu yake. Penye mkaratusi alinyanyua mguu kuvuka mti ambao haukuwapo tena, na mgeni mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Nikaita, "Baba, mawe meupe! Baba, maua!" Lakini hayo hayakuwa maneno tuliyomfundisha. Mawe meupe yapi? Maua ya wapi? Nilimwona akisita, akisikiliza matete yamsaidie, na matete yalikuwa yamekatwa. Njia ikapinda. Baba hakupinda.

Aliingia majini mpaka magotini, kisha kiunoni. Hapo akasimama. Akainama, akaanza kupapasa chini ya maji. "Fimbo yangu imeanguka," akasema kwa sauti ya kawaida. Fimbo ilikuwa begani kwake.

Msichana wa kizungu alicheka sana, akaniachia mkono. Wakubwa hawakucheka. Bwana mwenyewe alishuka, akamtoa baba majini kwa kumshika kola, akamgeuza uso juani, akaweka ngumi mbele ya macho yake.

"Hii vidole ngapi?"

Baba akafikiri. "Tatu, bwana."

Yule mzungu hakumpiga wala hakufoka, na watu hupenda kuniambia kwamba hiyo ilikuwa afadhali. Alisema pole. Akasema ng'ombe zake ni za pesa nyingi, haziwezi kuchungwa na kipofu. Mama aliweka kikapu chini, akapiga magoti kwenye mawe ya chokaa. "Tungoje tuvune tu, bwana. Mahindi yameanza kubeba."

"Shamba iko na mtu mwingine Jumatatu."

Memsabu alikuwa analia. Alinipa peremende nyingine.

Tulishuka kwa miguu, tukalala Kamukuywa kwa watu wa kanisa, tukaendelea mpaka Myanga kwa ndugu ya baba. Ndugu yake alikuwa ameshalima sehemu ya baba tangu zamani, na akasema ukweli, kwamba hawezi kung'oa mazao yake kwa ajili ya mtu asiyeona jembe. Alitupa kibanda nyuma ya zizi lake. Mama akawa analima vibarua kwa watu.

Palikuwa na kijito karibu, na kijia kizuri cha kuteremka, chepesi kuliko kile cha Kitale. Jumapili ya kwanza baada ya sala mama alimshika baba mkono. "Twende," akasema. "Tena."

Baba aliutoa mkono wake polepole, kama anayejitoa mkononi mwa mtu asiyemjua. "Endeni nyinyi," akasema.

Mama alijaribu tena Jumapili nyingine, na nyingine, akimkasirikia, mpaka hata hasira ikamwisha. Kisha akaacha, akawa anakwenda kulima hata siku hiyo. Mwaka ule ule macho ya baba yalikufa kabisa. Aliishi muda mrefu. Alikaa kibandani, uso ukutani, na ukimwomba ageukie mlangoni apate hewa alikuuliza kwa upole: kuna nini huko?