Bolti Nne za Kiti Kirefu

Harufu ya kutu iliyolowa mafuta ya taa hunirudisha kijijini kwetu Kiegeani mpaka leo, kwenye ua wetu, msimu ule ambao mama hakuwepo. Baba alikuwa amempa talaka moja kwa hasira, kwa jambo ambalo sikuwahi kuambiwa, na mama akafungasha vitu vyake akaenda kwao Utende kukaa eda. Shangazi, aliyekuja kutupikia, alinieleza kwamba kabla eda haijaisha baba anaweza kumrejea mkewe, na ikiisha ndiyo basi. Nilikuwa binti wa miaka tisa. Nilihesabu siku kwa vidole, nikazipoteza, nikaanza upya. Nyumba ilipwaya, na chakula nilikiacha sahanini.

Siku hizohizo baba aliamua kubadilisha viti vya pikapu yake kuukuu ya kubebea nazi. Ilikuwa na kiti kimoja kirefu, springi zimechomoza, na tulikikalia watatu: baba kwenye usukani, mama mlangoni, mimi katikati. Sasa alikuwa amepata viti viwili vyekundu, vilivyong'olewa kwenye gari dogo lililopinduka. Vilikuwa vizuri, nami nilivichukia tangu vinashushwa. Mashimo yake hayakulingana na ya sakafu, hivyo baba alishinda siku mbili akipima, akikata vipande vya chuma na kutoboa upya. Vilipokaa, kati yake ulibaki uwazi wa kutosha dumu la maji. Nilimuuliza baba, mama akirudi tutakaaje. Hakuinua uso kwenye spana yake.

"Tuko wawili, mwanangu. Viwili vinatutosha."

Kiti kirefu kilitupwa nyuma ya jiko. Kila alasiri nilikwenda kukikalia, katikati, pale pangu. Bolti zake nne nilizificha kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, nikiamini bila hizo hakuna atakayekinunua. Eda ilipobakiza siku chache, baba akaanza kuzitafuta. Alichakura mchanga, akamwaga sanduku zima la spana, mwishowe akaniuliza mimi. Nikajua kashapata mnunuzi. Nikasema sijaziona. Wiki iliyofuata shangazi alitangaza kwamba eda imekwisha, na kuku wakaanza kutagia kwenye kile kiti.

Sasa naishi Dar es Salaam peke yangu, na gari langu lina viti vitano, vinne havina wa kuvikalia. Mama aliolewa kwingine zamani. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia baba, nikamwonyesha lile kopo nililohama nalo nyumba zote, nikidhani tutacheka. Alizimimina bolti kiganjani akazitazama sana.

"Nilitaka kukirudisha kile kirefu, nikamchukue mama yako," alisema. "Nilipozikosa nikasema basi, Mungu hajapenda."

Akazirudisha koponi moja moja, akaniuliza kama nimekula. Aliponipeleka kupanda boti ya kurudi bara tulikaa kwenye vile viti vyekundu, vimepauka sasa, dumu la maji katikati yetu, na sikuweza kumwomba radhi.