Mtungi Ulionilisha Lubaga

Siku yangu ya kwanza kazini, Sajenti wa stoo katika kituo cha polisi karibu na Old Kampala hakunionyesha jiko wala vikombe. Alinipeleka kwenye kona yenye mtungi mkubwa wa udongo, umekaa juu ya ngata, yaani duara ya majani makavu ya mgomba. "Mama Akello," akasema, "hawa askari wanapiga kwata juani. Wakirudi wanataka maji baridi. Kazi yako ni hii mtungi." Nikacheka moyoni. Kumbe serikali ingenilipa mshahara wa kuchunga chungu.

Nyinyi wajukuu mnaofungua friji kila mara, sikilizeni. Mtungi hautaki umeme, unataka kivuli na upepo. Udongo wake una vinyweleo; maji hupenya kidogo kidogo, mtungi ukatoka jasho, na jasho likikauka maji ya ndani yanapoa. Kila wiki niliumwaga, nikausugua kwa nyuzi za mgomba na maji matupu, nikauanika. Kisha nikaufukiza: unachoma vijiti vya mti wa mugavu, unauinamisha mtungi juu ya moshi, na maji yanapata harufu nzuri. Sabuni ni mwiko, maana udongo hunywa kila unachoupa.

Ofisi ilipohamia Lubaga, nilipanda lori la polisi na mtungi mapajani. Huko nikamkuta Inspekta kijana, mtu mzuri ila mwenye haraka. Alikuwa ameshaleta friji, na chupa za plastiki zilijaza pipa kila jioni. Akanieleza waziwazi: "Mama, Kamanda anakuja Ijumaa kukagua. Akikunywa maji ya hii mtungi, unabaki. Akikataa, kazi yako imeisha." Nami nilikuwa mjane, watoto wako shuleni. Niliogopa sana.

Jumatano asubuhi nikamkuta Inspekta amekunja mikono ya shati, povu hadi viwikoni. "Nimekusaidia, mama. Sasa inang'aa." Alikuwa ameusugua kwa sabuni ya unga.

"Afande, umeniua," nikamwambia. Nikautia maji, nikampa kikombe aonje. Akatema dirishani.

Basi tukaingia kazini wote wawili. Maji ya moto kiasi, yasije yakaupasua. Tunatia, tunamwaga, tunatia tena. Yeye alichochea kuni, mimi nikamimina. Povu lilipokwisha tukauanika, na Alhamisi jioni tukaufukiza vizuri.

Ijumaa Kamanda akanywa, akachungulia ndani ya kikombe. "Nani anafukiza hii maji?" akauliza. Inspekta akaninyoshea kidole. "Ongeza, mama," akasema Kamanda. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia kidogo, kwa furaha.

Nilistaafu pale pale, na watoto wote walikwisha kusoma. Siku ya kuniaga niliomba zawadi moja tu, mtungi wangu. Inspekta yule, sasa mkubwa mwenye mvi, akasimama. "Omba kitu kingine, mama. Mtungi hauondoki hapa. Chukua friji."

Friji ninayo chumbani. Nimeijaza unga na maharagwe, panya hawaingii, na kwenye umeme siichomeki. Kando yake kuna mtungi mpya, bado naufunza. Jumapili nyingine yule bwana hupita kunisalimia, anakunywa, anakunja uso.

"Bado haujaifikia ile ya ofisi," ananitania.

"Utafika," namjibu. "Wewe kaa mbali na sabuni."