Yah: Kuomba Urudi Nyumbani

Nikisikia harufu ya alizeti inayokamuliwa, narudi darasani kwetu, jirani na mashine. Mwalimu alitaka barua ya kirafiki. Nilimwandikia baba, aliyekwenda machimboni asirudi. Lakini niliiandika kirasmi, kwa kuwa barua za namna hiyo ndizo nilizoona mtendaji wa kijiji akizijibu.

“Anwani mbili, salamu hakuna! Baba yako ni mkurugenzi?” mwalimu aliuliza. Darasa zima likacheka. Hakunirudishia. Aliibandika ukutani, mfano wa makosa.

Ilikuwa bado ipo pale mdogo wangu alipofika darasa hilo. Siku moja alirudi macho mekundu.

“Dada, kumbe ulimwandikia baba? Leo mwalimu katusomea. Wote wamecheka. Na mimi nikacheka.”