Saa Isiyoshiba

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha shule ya msingi Shinyanga mjini. Wenzangu walikimbilia dhahabu Geita. Mimi nilikimbilia saa mbovu. Nilitaka zile za mkono, za zamani, ambazo usoni, chini ya jina la kiwanda, pameandikwa jina la duka lililoziuza. Mjini palikuwa na duka la familia ya Kihindi lililoagiza saa za namna hiyo na kuwauzia wakulima msimu wa pamba. Duka lilishafungwa. Nilikuwa na saa yake moja, uso umepauka, na nilijiona tajiri.

Ya pili niliiona Mhunze, kule Kishapu, kwa mama mmoja mjane. Duka lile lile, jina la aina lile lile, ila uso wake ulikuwa safi kama sahani mpya. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Nilimwomba aniuzie, akacheka.

"Na kaburi lake utalinunua, mwalimu?"

Lakini saa ilikuwa inachelewa, akanipa niipeleke kwa fundi wa saa, pale stendi ya Shinyanga.

Fundi aliitengeneza kwa siku moja. Mimi nilikaa nayo wiki mbili. Nisiseme shetani alinipitia, nilimwita mwenyewe. Macho ya yule mama yalishaingia ukungu, na jina la aina lilikuwa moja, nikaamini saa ni moja. Nikampelekea ile yangu. Ya kwake niliitia mfuko wa shati, maana niliogopa kuiacha nyumbani isije ikaibiwa. Mimi huyo, nikiogopa wezi!

Aliipokea, akaanza kuitia ufunguo. Akazungusha. Akazungusha tena. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mtu wa saa hapaswi kulisahau: kiwanda kile kiliwahi kuzipa jina moja saa mbili tofauti. Ya kwake ilikuwa ya ufunguo, ikijaa, inagoma. Yangu ilijijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, na ufunguo wake ungeuzungusha mpaka kesho.

"Ya mzee ilikuwa inashiba," alisema taratibu. "Hii haishibi."

Akaniwekea mkono begani.

"Pole, mwanangu. Fundi amekuchezea."

Ningeweza kusema pale pale. Niliona aibu, nikaogopa. "Nitamfuata, mama," nikasema.

Baada ya siku tatu nilimrudishia saa yake. Aliitia ufunguo mpaka ikagoma, akaiweka sikioni, akanishukuru mpaka nikatamani kukimbia.

Siku ya gulio yule mama aliwaonya wote wenye saa wasimpelekee fundi yule. Nililisikia, ila uzito wake sikuujua mpaka nilipopita stendi, mwezi haujaisha. Fundi, mtu mzima kuliko mimi, alikuwa amekaa mikono mapajani, meza tupu mbele yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Wateja wangu wa Kishapu sijui wamepatwa na nini. Wewe unafika kule. Hujasikia neno?"

"Sijasikia," nikamjibu.