Mwalimu Dirisha na Orodha ya Ajira

Wanafunzi walimwita Mwalimu Dirisha, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza pale chuoni aliazima msumeno kwa fundi seremala, akakata tundu la mraba kwenye ukuta wa mbao uliotenganisha maabara ya kompyuta na stoo ya viti vibovu. Mkuu wa Chuo alipouliza ni nani aliyeharibu ukuta, akajibu, "Nimefungua darasa, mzee." Mkuu hakucheka. Tundu likabaki.

Dirisha lile ndilo lililokuwa somo lake. Vijana walifika wakijua kuchati na kupakua muziki, wakadhani wameshamaliza kompyuta. Ukiwaambia kwamba programu moja inaweza kuiomba nyingine kazi kupitia mtandao, na kwamba hiyo inayoombwa huitwa huduma ya wavuti, wanakutolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Basi alimwingiza mmoja wao stoo na daftari la majina, akamfungia. Waliobaki walipanga foleni dirishani, kila mtu na kijikaratasi chake chenye mambo matatu tu: anwani ya dirisha, kitendo unachotaka, na nambari ya mtu unayemuulizia. Vitendo vilikuwa vinne: nipe, ongeza, badilisha, futa. Aliye ndani hasemi wala hasemeshwi. Kazi ikifanyika anakuandikia mia mbili, maana yake sawa. Ukiulizia nambari isiyokuwemo daftarini anakuandikia mia nne na nne, maana yake hayupo.

"Humo ndani kuna nani?" aliwauliza.

"Hatujui, mwalimu!"

"Mnahitaji kujua?"

"Hatuhitaji!"

Darasa zima lilicheka, naye akicheka nao. "Safi sana. Mtu wa maktaba anakuja dirisha hilohilo, mtu wa mitihani hilohilo, mtu wa ajira hilohilo. Kila mmoja anaomba lake, anapewa, anakwenda zake. Mkilielewa hilo mmeelewa nusu ya kozi."

Walielewa. Kila mwaka walielewa, wakahitimu, wakapata kazi nzuri kuliko yake. Maana Mwalimu Dirisha, pamoja na vipindi ishirini na viwili kwa wiki, pamoja na kwamba ndiye aliyeujenga kwa mikono yake mfumo wa orodha ya watumishi ambao ofisi zote za chuo ziliutegemea, alikuwa mtu wa mkataba. Muhula ukiisha, na mkataba unaisha. Anasaini mwingine. Miaka kumi na moja alisaini, mpaka karani wa ajira akawa anamwekea kalamu mezani akimwona anakuja.

Mwaka huo bodi ya chuo ikakubali, baada ya kuzungushana sana, kuwapa ajira ya kudumu watu wote wa mkataba waliozidisha miaka mitano. Yeye alikuwa na miaka arobaini na minne, na chuo hakikuajiri mtu aliyefikisha arobaini na mitano. Ilikuwa safari hii au basi tena. Nyumbani mkewe, mshonaji, alikuwa akikanyaga pedali ya cherehani kwa mguu mmoja tangu goti la kulia lilipogoma. Daktari alishasema goti lile ni la kupasuliwa, na bima ya watumishi wa kudumu ingelipa kila kitu. Mwalimu alipomletea habari ya bodi, mama yule alisimamisha cherehani. Alikiweka kitambaa chini, akalia, kisha akamtuma binti yao akamwambie shangazi.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine hawezi kulifanya hata akitaka.

Maabarani kulikuwa na mashine ya mazoezi, na ndani yake nakala ya orodha ya watumishi, ili wanafunzi waongeze na wafute watakavyo bila kumdhuru mtu. Orodha ya kweli ilikaa kwenye mashine nyingine, ofisini. Jumatano moja asubuhi mashine ya mazoezi ikaungua kifaa cha umeme. Fundi akasema itapona mchana. Darasa limejaa, na zamu ni ya kitendo cha kufuta, cha mwisho katika vile vinne, na mkaguzi wa mitihani anakuja kesho yake. Mwalimu Dirisha akafanya jambo alilokuwa akiwakataza wengine miaka yote. Akaielekeza programu ya darasa kwenye orodha ya kweli.

"Ni mara moja tu," aliwaambia, "na nambari ni moja tu. Arobaini na moja."

"Ni ya nani, mwalimu?"

"Ya kwangu. Nikifutwa mimi, sijamkosea mtu."

Akamwita mbele msichana ambaye wenzake walimwita Profesa. Profesa akaandika anwani, kitendo, nambari, akabonyeza. Mia mbili ikarudi kufumba na kufumbua. Mwalimu akampigia makofi, darasa likapiga naye. Msichana alirudi kitini akitembea kwa madaha kama bibi harusi, na mwalimu akampa alama zote za zoezi.

Hakuwa mzembe, tusimsingizie. Mchana uleule, mashine ya mazoezi ilipopona, aliketi kuirudisha nambari yake. Akaandika ongeza, akajaza jina, kitengo, tarehe ya kuanza kazi. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeandika anwani ya mazoezi kwa miaka kumi na moja, navyo vikaiandika tena bila kumuuliza. Jibu likaja: mia mbili, maana humo wanafunzi walishaifuta nambari hiyo zamani. Akainuka ameridhika, akaenda kusahihisha madaftari. Alikuwa amejirudisha kwenye nakala. Kwenye orodha ya kweli hakuwemo. Na kwa kuwa malipo ya watu wa mkataba yalipitia fomu za karatasi, hakuna kilichomshtua.

Wiki tatu baadaye majina ya waliopata ajira ya kudumu yakabandikwa ubaoni. Thelathini na mawili. Aliyasoma kutoka juu, akayasoma kutoka chini, akaanza kucheka peke yake kama mtu aliyepigwa chenga na mtoto. Akaenda maabarani, akaifungua orodha ya kweli, akaomba: nipe arobaini na moja. Ikamjibu mia nne na nne. Hapo ndipo ile Jumatano ilipomrudia yote. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi mpaka kengele ikalia.

Karani wa ajira alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Mwalimu, mimi naomba kwenye mfumo, mfumo unanipa. Huko ndani kuna nini mimi sijui. Si ulitufundisha mwenyewe?"

"Lakini mimi unanijua."

"Nakujua sana. Shikamoo nimekuamkia leo asubuhi. Ila orodha siandiki mimi, inatoka yenyewe. Nenda kwa mzee."

Njiani kuelekea kwa Mkuu alijipiga moyo konde. Angeweza kusingizia umeme, au mashine, au hata yule msichana. Aliamua kusema kweli yote, ingawa alijua kwamba kukiri kuwa wanafunzi waligusa orodha ya kweli kungeweza kumwaga unga wake siku hiyohiyo. Akasema. Mkuu alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Hayo uliyoniambia sijayasikia," alisema. "Unanielewa? Nikiyasikia itabidi niyaandike. Lakini bodi imeshapitisha, barua zimeshatoka. Kikao kingine ni mwakani."

"Mwakani nitakuwa na miaka arobaini na mitano, mzee."

"Ndiyo hivyo."

"Miaka kumi na moja tumekunywa chai meza moja. Ulipoisoma orodha hukuona kwamba mimi simo?"

"Mwalimu, majina ni mengi. Mimi natia sahihi kile ambacho mfumo umeniletea. Siwezi kumwingiza mtu kienyeji, kila mmoja atakuja na lake." Na ili amwonyeshe kwamba hakuna ujanja uliofanyika, akafungua jalada, akamgeuzia karatasi zenyewe, zile alizotia sahihi kabla hazijaenda kwa bodi.

Mwalimu Dirisha aliangalia. Majina thelathini na moja yalikuwa yamechapwa na mashine, kwa herufi alizozichagua mwenyewe siku alipoujenga mfumo. Chini ya la mwisho palikuwa na jina la thelathini na mbili, limeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, na pembeni yake sahihi fupi ya Mkuu. Lilikuwa jina la dereva wa Mkuu.

"Na huyu?" aliuliza.

"Aa, huyo mfumo ulimruka, sijui kwa nini." Mkuu alivaa miwani yake. "Bahati nzuri nikamkumbuka. Mtu ananipeleka nyumbani kila siku, ningemsahauje?"

Aliyesema hakuona alichosema. Alikwishaanza kutafuta karatasi nyingine mezani. Mwalimu Dirisha alitaka kupiga kelele, alitaka kulipasua lile jalada vipande vipande. Badala yake akalifunga, akalirudisha kwa mikono miwili, akasema ahsante mzee. Ile ahsante ilimuuma kuliko yote, na hata leo ukimtajia siku ile ndiyo anayoikumbuka kwanza.

Jioni mkewe alimsikiliza akiwa amelinyoosha goti juu ya kigoda. Hakumfokea. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kosa lilikuwa la nani.

"Langu," alisema. "Vidole vyangu mwenyewe."

"Na hakuna hata mtu mmoja aliyeweza kukuandika kwa mkono?"

Akageukia dirishani, akajifanya anapunga mbu.

"Hawaruhusiwi," alimwambia. "Sheria ni sheria, mama. Halijaandikwa kwa mkono hata jina moja."