Theluji Mlangoni mwa Gereji

Nikifungua kopo la polishi nyekundu ya sakafu, narudi kwenye gereji tuliyopanga kuishi Randburg, Afrika Kusini. Mama alikuwa fundi cherehani, na sakafu ile aliyoing'arisha kila Jumamosi ndiyo ilikuwa meza yake ya kukatia.

Asubuhi moja theluji ilianguka, jambo ambalo mtaani hakuna aliyelizoea. Gauni la bibi arusi lilikuwa limetandazwa sakafuni, vipande vimebanwa kwa pini, na harusi ni kesho. Theluji ikayeyuka, maji ya matope yakaanza kupenya chini ya mlango. Baba akaja mbio na pakiti ya chumvi.

"Mama ya watoto, Ulaya wanamwaga hii kwenye theluji!"

"Kwenye sakafu yangu? Chumvi ni ya kupikia sombe, majani ya muhogo, baba! Lete mchanga!"

Mama akashona mfuko mrefu kama chatu kwa mabaki ya vitenge, tukaujaza mchanga, tukaukandamiza mlangoni kwa magoti. Maji yalifika, yakasitasita, yakashika njia ya uani.

Kesho yake kanisani watu walimtazama bibi arusi usoni. Sisi tulitazama pindo la gauni. Jeupe pe! Mama akapiga kigelegele kilichozima kinanda.